Sale la Mzee Sangito

Hatukwenda Meru kutembea. Tulikwenda kwa sababu baba mkwe wangu, Mzee Sangito, alituma neno mpaka Kampala kwa mdomo wa mwinjilisti mmoja aliyekuwa safarini: "Mwambieni Elieza asivuke bahari kabla hajapita nyumbani." Basi. Hakuongeza salamu, hakutaja hali ya mtu. Elieza, mume wangu, alilisikiliza neno lile akiwa amesimama mlangoni, chaki bado iko mkononi, akamwomba mwinjilisti alirudie. Mwinjilisti akalirudia. Mume wangu akakaa chini pole pole kama mtu aliyepewa habari za msiba.

Niwaeleze kwanza yaliyokuwapo kati ya baba na mwana, maana bila hayo safari hii haina maana. Elieza alipokuwa kijana shuleni, mzee alitaka arudi nyumbani ashike kahawa na ng'ombe. Elieza alitaka kuendelea kusoma, na kila alipokatazwa aliuliza kwa nini. Kwa nini watoto wa fulani waende na mimi nibaki? Siku moja mzee alimjibu kwa fimbo, mbele ya vijana wenzake wote, huku akisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asubuhi yake Elieza akaondoka kwa miguu hadi Moshi, na mwalimu mmoja wa misheni akamtafutia nafasi ya shule. Tangu hapo alikuwa akimwona mama yake kwa kuibia, kwa shangazi au sokoni. Baba hakumwona tena. Hata posa yangu ililetwa kwetu Machame na baba yake mdogo, na mimi nikaolewa bila kuwahi kumwamkia mkwe wangu.

Sasa tazameni mambo ya dunia: mtoto aliyepigwa kwa kuuliza akaja akawa mtu wa kuajiriwa kwa kuuliza. Kule Kampala alikuwa akiwafundisha watu waliokuwa wakisomea ualimu, na somo lake liliitwa falsafa ya elimu. Hakuwafundisha hesabu wala jiografia. Aliwauliza tu: mtoto anafundishwa ili awe nani? Nani kampa mkubwa ruhusa ya kumfundisha mdogo? Je, mtoto akifunzwa kutii tu, amefunzwa? Vijana walitoka darasani mwake vichwa vinawauma, lakini walimpenda. Wakubwa wa chuo nao walimpenda, hata wakamchagulia nafasi ya kwenda Uingereza akazidi kusoma, ili akirudi awe mhadhiri kamili. Zamani zile za Mwingereza, kwa mtu mweusi hilo halikuwa jambo dogo.

Kampala tuliondoka kwa gari moshi. Nilikuwa nimefunga doti la khanga kwa ajili ya mama mkwe na blanketi zito kwa ajili ya mzee, maana kule mlimani baridi haina adabu. Elieza hakufunga kitu ila vitabu. Tulipoketi nikamwuliza, "Baba Elieza, utamwambia nini mzee ukimwona?" Nilikuwa nikimwita hivyo kwa utani, Baba Elieza, kwa kuwa alikuwa anajizaa mwenyewe kila siku. Hakucheka.

"Simwambii kitu, Anasia. Nataka yeye aniambie. Aniambie kwa kinywa chake kwamba alikosea. Neno moja tu. Nikilipata nitavuka bahari moyo wangu mweupe."

"Na usipolipata?"

"Nitakuwa nimeuliza."

Nikamwambia wazee hawaulizwi hivyo. Akanijibu msemo wake, ule aliokuwa akiwaandikia wanafunzi ubaoni: kuuliza si ujinga. Mimi nikageukia dirishani nikatazama mashamba ya watu. Kubishana na mwanafalsafa ndani ya gari moshi ni kujitafutia kiu.

Nairobi tulibadili, tukapanda basi la kwenda Arusha. Tulipita Kajiado vumbi likituingia mpaka kwenye meno. Elieza alikuwa na kitabu magotini, lakini ukurasa haukugeuka. Mara kwa mara midomo yake ilicheza, nami nikajua anamjibu baba yake. Nilimhurumia. Mtu mzima, suti nzuri, tai shingoni, kumbe ndani yake mtoto bado anakimbia na alama za fimbo mgongoni.

Namanga, mpakani, askari alitushusha ili tuandikishwe. Akamwuliza Elieza kazi yake. Elieza akasema, kwa Kiswahili safi kabisa, "Falsafa ya elimu." Askari akamtazama, akanitazama na mimi kana kwamba nitamsaidia.

"Unafundisha?"

"Nafundisha walimu."

"Unawafundisha nini?"

"Nawauliza kwa nini wanafundisha."

"Ala! Nitaandika mwalimu," akasema askari, "maana nikiandika hayo mengine bwana mkubwa atadhani nimelewa." Hapo Elieza alicheka, na kicheko chake kilinifurahisha sana. Nilidhani labda safari itakuwa nyepesi.

Baada ya Longido mlima Meru ulianza kuonekana, na Elieza akafunga kitabu.

Arusha tulilala Kaloleni kwa kaka yangu Aminieli, aliyekuwa na chumba cha kupanga na duka dogo la chumvi, sukari na mafuta ya taa. Aminieli ana mdomo, Mungu amsamehe. Hata chai hatujainywa akaanza, "Shemeji, hebu nieleze vizuri niwaambie wateja wangu. Walimu wanafundisha watoto. Wewe unafundisha walimu. Sasa huko Ulaya unakwenda ili ufundishe nani tena? Malaika?"

"Nakwenda kufundishwa mimi," akasema Elieza.

"Hapo sawa. Lakini shemeji, kesho ukifika kwa mzee, mambo ya falsafa yaache hapa dukani kwangu. Nitakuwekea kwenye kreti, hayataoza."

Tulicheka wote. Baadaye Elieza alipotoka kuoga, Aminieli aliniambia kwa sauti ya chini, "Dada, yule mzee amelainika. Nimemwona sokoni, anawauliza wasafiri wote habari za Kampala. Haulizi habari za mwanawe. Anauliza habari za Kampala." Nilisikia uchungu na furaha kwa pamoja. Nilisema moyoni, Bwana, ifanye siku ya kesho kuwa njema.

Asubuhi tulichukua gari la barabara ya Moshi, tukashuka Makumira, tukaanza kupanda kwa miguu. Kahawa ilikuwa imechanua, mashamba meupe pande zote, na mifereji ilikuwa inapiga kelele chini ya migomba. Mimi wa Machame nilijiona niko kwetu, ila lugha yao Wameru naielewa nusu, nusu nyingine nakisia. Watu walitusalimu njiani. Wazee walimtazama Elieza usoni, wakataja jina la babu yake, wakasema ndiye huyu. Yeye akawa anaamkia kila mtu, shikamoo, shikamoo, sauti yake inazidi kupungua kadiri tulivyokaribia.

Mama mkwe alitupokea kwa kilio na vigelegele pamoja. Alinishika mashavu, akanigeuza huku na huku, akasema Machame wametoa kitu. Akatuletea loshoro, mahindi yaliyochanganywa na maziwa mgando, kwenye kibuyu kilichofukizwa vizuri. Elieza alikula kama aliyefungwa jela. Mzee hakuwapo; alikuwa chini shambani, akafika jua likiwa limeinama. Mrefu, mkavu, koti la zamani, miguu peku.

"Shikamoo, baba," Elieza akasema.

"Marahaba." Akamtazama miguuni. "Viatu vyako vitaharibika na tope hili."

Kisha akanigeukia mimi, nami nikamwamkia nimeinama kama nilivyofunzwa kwetu. Akaitikia vizuri, akauliza kama njiani nilikula. Hayo ndiyo yote ya siku ya kwanza. Lakini blanketi nililomletea alijifunika palepale, ingawa hapakuwa na baridi bado, na mama mkwe akaniminya kidole.

Jumapili tulikwenda kanisani wote. Mzee alikaa upande wa wanaume na mwanawe karibu naye, na watu waligeuza shingo kuwatazama hata mchungaji akakohoa. Tuliporudi, mbuzi alikuwa ameshachinjwa. Nikasaidia jikoni. Ndipo kupitia mlango nilimwona mzee, bado amevaa koti lake la kanisani, anaingia migombani peke yake na panga dogo. Alikaa huko kidogo. Alipotoka alikuwa ameshika sale.

Kwa wasomaji wasio wa milima yetu: sale ni mmea wenye majani marefu kama upanga, ndio tunaopanda kwenye mipaka ya mashamba na juu ya makaburi. Kwetu Wachaga na kwao Wameru, mtu akikukosea akakuletea sale, ameomba radhi. Huna ruhusa ya kulikataa, hata kama alikuulia ndugu. Tena haliambatani na hotuba. Mtu huleta sale kwa sababu kinywa kimeshindwa. Wewe unalipokea kwa mikono miwili, basi, yameisha, watu wanakula. Mikono yangu iliacha sufuria. Mkubwa anampelekea mtoto wake sale! Sijawahi kuona kabla ya siku ile wala baada yake. Mama mkwe alikuwa ameziba mdomo kwa khanga.

Elieza alikuwa kwenye kigoda uani. Mzee akasimama mbele yake akanyoosha sale, kijishina kifupi na majani yake, kwa mikono miwili. Elieza akasimama. Aliijua desturi vizuri, amezaliwa nayo. Na uso wake ulilainika, naapa. Mikono yake ilianza kuinuka. Kisha ikasimama njiani.

"Baba," akasema, kwa upole kabisa, sauti yake ya darasani, "ninaliona, na ninashukuru. Lakini kabla sijalipokea naomba uniambie. Unaniomba radhi kwa lipi? Kwa fimbo? Kwa shule? Au kwa miaka yote hii? Niambie tu, ili nijue ninasamehe nini."

Jamani. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kutoka jikoni, nimshike mikono nimsukumizie lile jani kifuani. Lakini mimi nilikuwa bibi harusi ambaye hata siku mbili hajamaliza kwa wakwe, na mbele ya mkwe mwanamke hafungui mdomo katika jambo la baba na mwana. Nilikohoa. Nikaangusha mwiko kwa makusudi. Elieza hakugeuka. Alikuwa anangoja jibu, kama anavyowangoja wanafunzi wake, kwa subira na kwa heshima. Na hakuwa na ubaya hata chembe, hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Alikuwa ameingoja siku ile tangu ujana, na alitaka neno moja tu.

Mzee alifungua kinywa. Neno halikuja. Mikono yake ilikaa pale hewani na sale. Mwisho akairudisha kifuani kwake.

"Swali zuri," akasema. "Mimi sina jibu lake. Walikufundisha vizuri."

Akaenda mpaka kando ya mlango wa nyumba, akachuchumaa, akatoboa udongo kwa panga, akalipandikiza lile sale pale, akashindilia kwa kisigino. Kisha akawaambia watu waanze kula, nyama inapoa. Tulikula. Alimkatia mwanawe ubavu kwa mkono wake mwenyewe, akamwuliza habari za mvua za Kampala. Kila kitu alimpa siku ile, ila baraka ya safari.

Nilipopata nafasi ya kuwa na Elieza peke yetu, kwenye njia ya mferejini, nilimwambia yote niliyokuwa nimeyameza. Nilimwambia, "Ulitaka akuombe kwa maneno yako. Yeye alikuomba kwa yake." Alinisikiliza. Akakaa kwenye jiwe akashika kichwa, akasema, "Ningelipokea, Anasia. Angesema neno lolote, lolote, ningelipokea." Nikamwambia najua.

Asubuhi kabla ya kuondoka, Elieza alikata sale lake mwenyewe mpakani, akamfuata baba yake zizini. Safari hii nilisimama karibu, sikujali. Akalinyoosha kwa mikono miwili wala hakusema kitu. Mzee akaendelea kukamua. Maziwa yalipofika ukingoni, akainuka.

"Sale si kibuyu cha kuazimana, leo kwako kesho kwangu," akasema, bila hasira. "La kwangu nimeshalipanda. Nenda, mwanangu, gari lisije likakuacha."

Alimwita mwanangu. Tulishika neno hilo njia nzima, tukaligeuza kila upande, kama tutaliona ndani yake lile tulilokwenda kulitafuta.

Kaloleni, Aminieli alitupokea na utani wake tayari. "Haya Profesa, falsafa yako hii hapa, haijaoza! Umebarikiwa?" Kisha akatuona nyuso. Akamimina chai akakaa kimya, na Aminieli kukaa kimya ni jambo la ajabu. Tulirudi kwa njia ileile, Longido, Namanga, Nairobi. Mpakani alikuwapo askari mwingine. Akauliza kazi, Elieza akasema, "Mwalimu."

Tulivuka bahari. Alisoma, na alisoma vizuri. Wazungu walimsifu, makala zake zilichapishwa, na baridi ya kule ikatuzoea. Tulikuwa tukipanga kila mara namna tutakavyorudi Meru, nini atamwambia mzee, au asimwambie nini. Ndipo Aminieli akatuandikia barua kwamba mzee amelala, asubuhi hakuamka. Maji yakimwagika hayazoleki. Elieza alikwenda masomoni siku ile kama kawaida, akarudi nyumbani, akavua koti, akaketi sakafuni.

Tuliporudi Tanganyika, bendera ya Mwingereza bado inapepea bomani, hatukupitia Kampala kwanza. Tulishuka Makumira tukapanda mlima, safari hii na mtoto mgongoni mwangu. Mama mkwe alikuwa amezeeka sana. Alitupeleka kaburini tukaomba, kisha tukarudi nyumbani, na hapo kando ya mlango tukaliona. Sale limesimama, limenipita kiuno, majani yake mapana yanang'aa kama yamepakwa mafuta. Pale mlangoni, ambapo hakuna mpaka wala kaburi, mahali ambapo hakuna mtu hupanda sale.

"Baba yako alilimwagilia mwenyewe," mama akamwambia Elieza. "Kiangazi kile kibaya, mfereji ulipokauka, alichota maji mtoni kwa ajili yake. Nikamwambia, mzee, migomba inakufa na wewe unanywesha sale? Akaniambia niache. Akasema, mwenye swali akirudi na jibu, alikute bichi."

Mwaka hata mwaka watu huniuliza nilijifunza nini katika safari zangu, maana wanajua nimefika mbali. Siwezi kusema kwamba kuuliza ni kubaya. Bila maswali yake, mume wangu angekuwa bado anapigwa, na wako vijana wengi, leo walimu, ambao hawapigi watoto kwa sababu yeye aliwauliza kwa nini. Lakini najua pia kwamba vipo vitu vya kupokea kwanza, vikaulizwa baadaye, wakati mikono iliyovileta bado ina joto. Hilo halikuwamo katika vitabu vyake, na akaliandika mwisho, katika kitabu chake mwenyewe, kwa maneno magumu ambayo mama yake asingeyaelewa.

Siku ile alisimama mbele ya lile sale muda mrefu. Mtoto alianza kulia nikambembeleza. Kisha Elieza alikata jani moja, la chini kabisa, akaliweka mkononi mwa mama yake, akarudi nyuma hatua chache. Mama hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alikuja polepole mpaka mbele ya mwanawe, akalinyoosha kwa mikono miwili kwa niaba ya asiyekuwapo. Elieza akalipokea. Hakuuliza kitu.